Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: Tupe njia kwanza

Mheshimiwa Mkurugenzi wa halmashauri yetu,

YAH: OMBI LA NJIA NA MTARO KABLA YA MIRADI MINGINE YA MIPANGO MIJI

Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu.

Juzi usiku presha ilimpanda mzee jirani yangu. Bajaji ilifika barabara ya lami ikaishia hapo. Tuling'oa mlango wake kwenye bawaba, tukamlaza juu yake, tukambeba vijana wanne na mimi nikishika tochi. Katikati ya njia kuna ukuta wa tofali upande mmoja na shimo la choo upande mwingine, watu hupishana kwa ubavu. Mlango haukupita kwa ulalo, ikabidi tuuinamishe, mzee akishikiliwa asidondoke, maji ya vuli magotini. Tulimfikisha hospitali yu hai, namshukuru Mungu. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua zangu tatu ofisini zina mihuri ya kupokelewa na hazijajibiwa hata moja.

Mheshimiwa, ukuta ule umejengwa juu ya njia iliyomo kwenye mchoro wa mipango miji wa mtaa wetu. Mwaka 2019 tuliitwa kwenye mkutano wa urasimishaji, yaani kupima mtaa uliojengwa bila mpango ili wakazi wapate hati, tukaambiwa kila mwenye kiwanja achangie shilingi 150,000. Mimi ni fundi cherehani. Hela hiyo niliikusanya kwa kushona sare za shule usiku, na risiti ninayo. Wapimaji wakaja, wakapanda bikoni, yale mawe ya mipaka, mchoro ukabandikwa ofisi ya serikali ya mtaa: njia ya gari, mtaro, na eneo la wazi la watoto. Kampuni ya upimaji ikaondoka. Hati sijaiona mpaka leo. Bikoni ya kona yangu mtu anafungia mbuzi. Ukuta ukajengwa mchana kweupe, mwenyekiti wa mtaa akaenda kuuzuia akaambiwa hana mamlaka. Nahisi mwenye ukuta alidokezwa kwamba mchoro haukuwahi kuidhinishwa. Kama ni kweli, mbona sisi tuliochanga hatukuambiwa?

Mwezi uliopita ulitutangazia vipaumbele vya mwaka: taa za barabara kuu, bustani ya kupumzikia, na kupima viwanja vipya vya kuuza pembezoni. Siichukii bustani, nina wajukuu. Lakini jiji letu la Dar es Salaam limepangwa mara nyingi, mpango kabambe, yaani mpango mkuu wa jiji, wa 1949, wa 1968, wa 1979. Mwaka 2002 ukaja mradi wa viwanja 20,000, vikapimwa pembezoni, Bunju, Kibada, Tuangoma. Walioweza kununua wakahama, sisi tukabaki, na wapangaji wakaongezeka. Desemba 2011 maji yalipobomoa nyumba za mabondeni ndipo watu wakatafutiwa viwanja Mabwepande. Hela za kupanga zinakwenda palipo wazi, na sisi tunaoishi tayari tunakumbukwa siku ya mafuriko. Uliposimama pale mtaani kwetu ulisema vichochoro vitaanza. Nilikuwepo, nilipiga makofi.

Hatuombi tufanyiwe kila kitu. Kule Hananasifu, Kinondoni, miaka ya tisini wakazi wenyewe waliingia kwenye kazi ya kuchimba na kujenga mitaro ya mtaa wao, wataalamu wakiwaelekeza. Na sisi majembe tunayo, vijana wapo, Jumamosi zipo. Tusichoweza ni kumwambia mtu avunje ukuta wake. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 imeifanya halmashauri kuwa mamlaka ya upangaji, si mimi wala mwenyekiti. Bila njia mtaro hauna pa kupita, gari la kunyonya choo haliingii, zimamoto haliingii, mgonjwa hatoki.

Kwa hiyo naomba kitu kimoja. Kabla ya masika njoo na mpimaji mmoja na ule mchoro, tusimame pamoja penye ukuta, utuambie njia iko wapi. Mwenye ukuta naye aitwe asikie, kama anastahili fidia alipwe, sitaki aonewe. Lakini njia ifunguliwe. Bustani itasubiri, viwanja vya kuuza vitasubiri. Mzee anarudi nyumbani wiki ijayo na presha yake ni ileile. Njia kwanza, Mheshimiwa. Njia kwanza.

Wako mtiifu,
Fundi cherehani, mkazi wa mtaa huu tangu 1994