Barua ya wazi kwa vijana wa kamati za bajeti za hospitali

Wanangu,

Nimestaafu, ila masikio bado yanasikia. Nimeambiwa mmefika kwenye mstari wa kuvuta bonge la damu lililoziba mshipa mkubwa wa ubongo kwa wagonjwa wa kiharusi kikali, na kalamu nyekundu imeshatoka mfukoni. Subirini kidogo.

Kinachowatisha nakijua. Waya mwembamba wenye wavu mdogo unapitishwa kwenye mshipa wa kinena hadi kichwani, unafunguka ndani ya bonge, unavutwa nalo, kisha unatupwa. Bei inauma. Hata mimi niliwahi kuufuta mstari kama huo nikajiona mlinzi wa fedha za umma.

Baadaye nilimwona fundi mmoja aliyepooza upande wa kulia, neno lililombakia ni “sawa” tu. Binti yake aliacha kazi. Kila saa mbili alimgeuza asipate vidonda, akamlisha kijiko kwa kijiko asipaliwe. Nilipekua vitabu vyangu kutafuta gharama ya yule binti. Hamna.

Ushahidi upo. Tafiti tano zilizotangazwa karibu na mwaka 2015 zilijumlishwa mwaka uliofuata, wagonjwa 1,287: kati ya kila wawili au watatu waliovutwa bonge, mmoja alipungukiwa na ulemavu walau ngazi moja kwenye kipimo cha ulemavu. Mkisema hayo ni ya matajiri, tazameni Brazili, kwenye hospitali za umma. Utafiti wa huko wa 2020 ulikuta asilimia 35 ya waliovutwa bonge wanajitegemea baada ya miezi mitatu, dhidi ya 20 ya wenzao wasiovutwa.

Ukihesabu mwaka mmoja tu, huduma hii ni ghali. Ukihesabu maisha yote ya mgonjwa, hesabu inageuka. Serikali inapolipia uuguzi wa muda mrefu, akiba inaonekana kwenye daftari lake. Familia inapoubeba mzigo, akiba ipo vilevile, ila haina pa kuandikwa, nanyi mnaiita sifuri.

Na msiniambie dawa za presha ni rahisi zaidi. Ni kweli, zinunueni! Aliyeanguka leo asubuhi hazimzibui mshipa.

Ila msikimbilie kununua mitambo kila hospitali. Mshipa mkubwa ukiziba, ubongo hupoteza seli za neva takriban milioni 1.9 kila dakika. Muda wa kawaida wa kuvuta bonge ni ndani ya saa sita tangu dalili zianze. Hadi saa 24 ni kwa wale ambao picha zinaonyesha bado kuna ubongo wa kuokoa. Mgonjwa akikaa mapokezi kwa muda wa saa tatu akisubiri CT, yaani picha ya ubongo, waya wenu wa bei mbaya utafungua mshipa unaolisha ubongo uliokwisha kufa. Afadhali kituo kimoja chenye timu ya usiku na mchana, na hospitali za jirani zenye simu inayopokelewa na gari lenye mafuta.

Kikao kijacho, ongezeni safu moja kwenye jedwali: nani atamuuguza nyumbani, na kwa miaka mingapi. Mkishaijaza nileteeni niisome. Miwani ninayo.

Mzee wenu