Tumefika getini mara mbili, akageuka

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Temeke. Nilitumia unga, yaani heroini, miaka sita. Sasa ni mwaka wa tano nakunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa unga, na ndiyo iliyonirudisha kwa wanangu. Jioni nazunguka vijiweni na wenzangu wa asasi, tunaongea na wanaotumia. Anayekubali tunampeleka kliniki.

Kuna binti wa miaka 23, nampenda kama mdogo wangu wa tumbo moja. Kukubali alikubali mwenyewe, sikumlazimisha. Mara ya kwanza arosto, yale mateso ya kukosa unga, ilimkamata tukiwa kwenye foleni ya kliniki: miayo, makamasi, jasho, kajikunja kwenye benchi kashika tumbo. Akaniambia, “Dada, naenda chooni.” Hakurudi. Mara ya pili alimwona jirani yao getini, akavuta ushungi usoni akageuka. Wanawake pale tunahesabika, kila anayeingia anatazamwa.

Nyumbani nako hakuna wa kumshika mkono. Mama yake ananiambia, “Mnamtoa kwenye ulevi huu mnampeleka kwenye ule.” Nimemweleza kwamba dozi inanywewa mbele ya mhudumu wa kliniki, inaanza ndogo, inapandishwa taratibu, na inaondoa arosto bila kumlevya mtu. Tiba hii ilianza Muhimbili mwaka 2011, wengi imewainua. Hataki kusikia, na mjukuu wake, mtoto wa binti, amekataza asiletwe kwa mama yake.

Shangazi, kinachoninyima usingizi ni hiki. Juzi binti kaniambia yuko tayari kwenda tena, ila nimpe hela ya kete moja ya unga asubuhi, atulie, aweze kukaa foleni. Wenzangu wanasema nikitoa hela hiyo nimemnunulia sumu kwa mkono wangu, na asasi ikijua nimekwisha. Tena akifika kalewa anaweza kurudishwa. Lakini mimi arosto naijua. Najua saa mbili za benchi lile zina urefu gani, na najua nikimkatalia ataitafuta kwa njia ambazo mtoto wa kike huzitumia usiku.

Nimemwahidi kumpitia Jumatatu saa kumi na moja alfajiri. Nimpe? Nimnyime? Au kuna namna ya kuzungumza na kliniki wampokee mapema, kabla hali haijamzidi? Na yule mama, nimwendee na nani ili anisikilize?

Dada wa Temeke