Breki za diski: grisi ipi, na ipakwe wapi

Ukiachia breki na diski bado inakwaruza "shwi, shwi", ilhali baiskeli imetoka kwa fundi juzi tu, ulizia grisi iliyopakwa.

Pistoni ya breki ya mafuta, ile inayosukuma pedi kwenye diski, hairudishwi na springi. Hurudishwa na raba yake ya mraba: ukibana, raba inajipinda; ukiachia, inajinyoosha na kuivuta pistoni nyuma, chini ya milimita 1. Raba ikivimba, pistoni inabaki nje na pedi inaendelea kusugua.

Breki za Hope, Hayes na SRAM nyingi hutumia mafuta ya DOT (ya glikoli, kama ya breki za magari), na raba zake ni za EPDM, aina ya raba ya kutengenezwa kiwandani. Raba hizo huvimbishwa na grisi ya kawaida, vaselini, hata petroli ya kuoshea. Grisi ya beringi inayouzwa Kisekka, soko la vipuri la Kampala, ni nzuri kwa haba (vitovu) za magurudumu, lakini isiingie kwenye breki hizo. Shimano, Magura na Tektro hutumia mafuta ya madini, na hapo adui ni DOT. Soma maandishi kwenye mkono wa breki kabla ya kufungua chochote.

Pistoni hatuipaki grisi yoyote. Toa pedi, bana mkono wa breki taratibu mpaka pistoni itokeze milimita 3 hivi, isizidi. Safisha ukingo wake kwa kijiti cha pamba, weka tone moja la mafuta yale yale ya breki, kisha irudishe kwa wenzo wa plastiki. Bisibisi hupasua pistoni za seramiki. Rudia mara tatu, halafu futa mpaka pakauke.

Breki ya diski inayovutwa kwa waya ndiyo yenye njaa ya grisi. Ndani ya kalipa, kifaa kinachobana pedi kwenye diski, kuna gololi zinazopanda mteremko mdogo kila unapobana. Ondoa grisi ya zamani yote, maana ikichanganyika na vumbi la murram inageuka msasa, ndipo uweke mpya ya lithiamu isiyotolewa na maji, kiasi cha punje ya harage.

Grisi ya shaba? Utando mwembamba mgongoni mwa pedi, kwenye bati, ili kupunguza kelele. Ikionekana pembeni, umezidisha.

Diski ifutwe kwa spiriti ya isopropili na kitambaa kipya. Mafuta ya taa huacha utando, na breki inapiga kelele bila kushika. Pedi iliyokunywa mafuta tunaibadilisha; msasa hufuta juu tu. Pedi mpya zizoeshwe: kimbia kiasi, punguza mwendo bila kusimama kabisa, mara 20.

Ukituletea baiskeli, tuambie mafuta yaliyoongezwa mara ya mwisho. Kama DOT na madini vimechanganyika, raba za kalipa na za mkono zote hubadilishwa.