Mizani ya abiria haina kosa, kosa ni jinsi inavyotumika

Ndugu Mhariri,

Kila likizo ikikaribia, wanaokwenda Unguja kwa ndege ndogo hurudi na lalamiko lile lile: wamepandishwa kwenye mizani mbele ya foleni nzima kama magunia ya mkaa, kisha wakaambiwa begi halipandi ilhali ndani ya ndege viti viwili vilikuwa vitupu. Nusu ya lalamiko hilo ni haki yao. Nusu ya pili inatokana na jambo ambalo mashirika yangeweza kulieleza kwa dakika mbili, lakini hayalielezi.

Naanza na hesabu. Ndege inayoonekana sana kati ya Dar es Salaam na Unguja ni Cessna Caravan, yenye injini moja ya pangaboi na viti vya abiria 12 au 13. Grand Caravan ya kawaida hairuhusiwi kuruka ikiwa imezidi kilo 3,969 kwa jumla, yaani ndege yenyewe, mafuta, marubani, abiria na kile kikapu cha maembe. Chukua mfano wa ndege ambayo, ikiwa tupu na viti vyake, ina kilo 2,350. Tia mafuta kilo 300. Weka marubani wawili, kilo 180. Zimebaki 1,139. Abiria 12 wa kilo 75, kila mmoja na begi la kilo 15, ni kilo 1,080. Sasa zimebaki kilo 59 tu. Watatu wakija na kilo 20 za ziada kila mmoja, ndege imeshazidi. Huko ndiko zilikotoka zile kilo 15 za kwenye tiketi, ambazo wengi hudhani ni ujanja wa kuuza uzito wa ziada.

Kinachowachanganya watu zaidi ni mafuta. Ndege inayokushusha Unguja huenda inaendelea Arusha na mbugani, na viwanja vingi vya mbugani havina pa kujazia mafuta, kwa hiyo hutoka nayo mjini. Caravan hula takriban kilo 180 kwa saa. Kila saa ya ziada iliyomo kwenye matangi ya mabawa imechukua nafasi ya abiria wawili na mabegi yao. Ndiyo maana kiti kinaweza kuwa kitupu na begi lako bado likabaki chini.

Wengine huuliza mbona kwenye ndege kubwa hawapimwi. Kule hutumika wastani: kila mtu mzima huhesabiwa uzito uliokubaliwa, na kwa kuwa abiria ni wengi, mnene na mwembamba hufidiana. Kwa watu 12 wastani haufai. Timu moja ya wanyanyua vyuma, au akina mama sita wanaotoka kufungasha bidhaa Kariakoo, inatosha kuivuruga hesabu yote. Hata wastani wenyewe huchakaa. Tarehe 8 Januari 2003 ndege ya Beechcraft 1900D ilianguka mara tu baada ya kuruka kutoka Charlotte, Marekani, na watu wote 21 waliokuwamo wakafa. Wachunguzi walikuta mambo mawili yamekutana: kipande cha mkia kinachoinua na kushusha pua ya ndege kilikuwa kimerekebishwa vibaya karakana, na uzito ulikuwa umelalia nyuma kupita kiasi, kwa sababu wastani uliotumika ulikuwa mdogo kuliko uzito halisi wa abiria wa siku hizo. Baada ya hapo viwango vya wastani vikapandishwa.

Neno la kushika hapo ni «nyuma». Ndege ndogo inaweza kuwa chini ya kikomo cha uzito na bado isifae kuruka, kwa kuwa uzito haukukaa mahali pake. Ukilalia mkiani, pua hutaka kunyanyuka yenyewe. Mwendo hupungua, na mabawa hupoteza nguvu ya kuibeba ndege. Abiria wa Caravan huliona jambo hili kwa macho yao bila kulijua: ule mguu wa chuma unaosimamishwa chini ya mkia wakati wa kupakia umewekwa ili ndege isikalie mkia watu wakijazana mlangoni, maana mlango wa abiria uko nyuma. Kwa hiyo ukiambiwa «wewe kaa mbele», usidhani umependelewa wala umedharauliwa. Na ukishapangiwa kiti, usihame kumfuata rafiki. Karatasi ya uzito aliyotia saini rubani imekuhesabu pale ulipo.

Sasa mabegi. Mengi huingia kwenye sanduku lililofungwa chini ya tumbo la ndege. Limegawanywa vyumba vinne, kila kimoja na kikomo chake cha uzito, na vyote havina kina. Begi la kitambaa hukunjwa, hugeuzwa, husukumwa likaingia. Sanduku gumu la magurudumu huacha pengo kila upande, na kama ni refu halipiti kabisa hata likiwa na kilo 10 tu. Betri za kuchajia simu zisiwekwe humo. Zikishika moto angani hakuna mtu anayeweza kuzifikia, kwa hiyo ziwe mkononi. Ile ya mAh 20,000 ni takriban saa-wati (Wh, kipimo cha nishati ya betri) 74, ndani ya kikomo cha 100 kinachotumika karibu kila shirika. Samaki wa barafu ni tatizo kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Maji ya chumvi yakivuja huingia kwenye maungio ya bati na kuanza kulila polepole, na fundi huja kuyagundua baada ya miezi. Pakia pweza wako kwenye ndoo yenye kifuniko cha kukaza, weka mfuko ndani na mfuko nje. Doriani, kwa harufu yake, usijaribu, hata kwa hiyo ndoo.

Nikirudi kwenye mizani: shirika lina haki ya kunipima, halina haki ya kunitangaza. Kioo cha mizani kielekee kwa karani, kisielekee kwenye foleni. Abiria apande akiwa ameshika mkoba wake wote, isomwe namba moja ya jumla. Mkoba hupimwa bila kuachwa pembeni na mtu anabaki na siri yake. Karani aiandike namba, asiisome kwa sauti. Haya hayahitaji fedha yoyote, yanahitaji kuigeuza meza. Bei ya kila kilo ya ziada iandikwe kwenye tiketi kwa Kiswahili, na iandikwe pia kwamba kulipia si hakikisho la begi kusafiri nawe: ndege ikiwa imejaa, litafuata safari inayofuata. Abiria anayelijua hilo mapema atatoa dawa na nguo ya siku moja akazishika mkononi.

Kuhusu ucheleweshaji nina neno fupi. Ndege moja huzunguka vituo vingi kwa siku, na dakika 15 zinazopotea asubuhi huwa saa nzima alasiri. Mwenye kuunganisha safari ya kimataifa achukue ndege ya kwanza. Upepo nao una lake. Njia ya kurukia ya Unguja imelala kaskazini-kusini, na ndege hutua ikiukabili upepo. Kaskazi ikivuma, rubani anayetoka Dar huingia moja kwa moja kutoka kusini. Kusi ikivuma, hulazimika kuzunguka hadi upande wa kaskazini ndipo ageuke kutua. Safari ya dakika 20 ikiwa 25, mara nyingi sababu ni hiyo, wala rubani hajapotea.

Caravan haina choo, na hewa ya ndani haishindiliwi kama ya ndege kubwa, hivyo masikio huziba kwa wepesi wakati wa kushuka. Meza mate, piga miayo, mtoto mchanga apewe ziwa. Mwenye mafua makali afikirie kupanda boti, hata kama huchukua muda wa saa mbili.

Kilichonifanya nishike kalamu hasa ni maelezo ya usalama. Kwenye safari fupi za ndege ndogo hutolewa harakaharaka, mara nyingi kwa Kiingereza, wakati injini imeshaanza kunguruma. Tangu ndege ya abiria ilipoangukia Ziwa Victoria pale Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, na watu 19 kati ya 43 wakapoteza maisha, hakuna Mtanzania asiyejua kwamba safari ya ndani inaweza kuishia majini. Na Dar kwenda Unguja karibu safari yote ni bahari. Yapo mambo matatu ambayo kila abiria anapaswa kuyasikia kwa lugha anayoiota. La kwanza, mlango: wa Caravan uko nyuma upande wa kulia, una vipande viwili, cha juu hufunguka kwenda juu na cha chini hushuka kuwa ngazi, na abiria waliokaa karibu nao waonyeshwe mikono ya kufungulia. La pili, mkanda: hufunguliwa kwa kuinua kibati, si kwa kubonyeza kitufe kama wa gari, na mtu aliyeshikwa na hofu huutafuta mkanda wa gari lake. La tatu, jaketi la kujiokolea: livae ndani, lijaze upepo ukishatoka nje. Mwaka 1996 ndege ya Ethiopia iliyotekwa iliangukia baharini karibu na ufukwe wa Ngazija, Komoro, na baadhi ya abiria waliokuwa wamejaza majaketi yao mapema walibanwa na maji juu ya dari, wasiweze kupiga mbizi kuutafuta mlango.

Maelezo hayo matatu kwa Kiswahili hayazidi dakika moja. Rubani au mhudumu wa uwanjani ayatoe watu wakiwa wameshakaa, mlango ukiwa wazi bado, pangaboi halijaanza kuzunguka. Likishaanza, aliye kiti cha nyuma hasikii hata jina lake.

Mpangaji mizigo ya ndege mstaafu,
Kipawa, Dar es Salaam