Barua ya wazi kwa Katibu Mtendaji wa Tume ya Madini: leseni zinazobaki kwa majina ya marehemu

Ndugu Katibu Mtendaji,

Salaam. Nakuandikia kutoka mkoani Geita, ninakofanya kazi ya msaidizi wa kisheria. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ni mirathi. Familia huja na cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo na orodha ya mali aliyoacha marehemu: nyumba, kiwanja, ng'ombe, pikipiki, salio la benki. Leseni ya uchimbaji mdogo ni nadra kuiona humo, hata pale ambapo kila mtu kijijini anajua marehemu alikuwa mwenye leseni. Ukiuliza, utajibiwa kwamba ile PML ya mzee (ndivyo leseni ya uchimbaji mdogo inavyoitwa kwa kifupi) ilikuwa ya serikali, kwa hiyo hairithiwi.

Fikra hiyo inawagharimu sana watu. Kweli, Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inayataja madini kuwa mali ya umma, na Rais kuwa mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Lakini haki ya kuchimba ndani ya mipaka ya leseni ina mwenyewe, na mwenyewe ni yule ambaye jina lake limo katika daftari lenu. Ndiyo maana ninaomba daftari hilo lisiachwe nyuma na maisha ya watu.

Leseni ndogo hudumu miaka 7, kisha huombewa kuhuishwa. Mwenye leseni akifariki mwaka wa pili, jina lake linaweza kukaa pale miaka mitano bila mtu kuligusa. Mgodini kazi haisimami. Wenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, wanaendelea kushusha watu, viroba vya mawe vinapanda, na siku ya mgawo fungu la mwenye leseni linachukuliwa na atakayejitokeza: kaka wa marehemu, mtoto wa kwanza, au yule aliyekuwa akimsimamia eneo. Mjane hupokea atakachopewa, na akihoji anaulizwa jina lake limeandikwa wapi. Nimewasindikiza wanawake walioishi na waume zao kwenye kambi za uchimbaji tangu duara halijafika kwenye mwamba, waliopikia wachimbaji kwa mkopo na kuuza mashamba yao kulipia magogo ya kujengea duara. Mbele ya karatasi ya leseni hawatambuliki.

Tangu mwaka 2015 maombi ya leseni hufanyika kwa mtandao, na sitaki kubeza hatua hiyo. Kabla ya hapo migongano ya mtu kupewa leseni juu ya eneo la mwenzake ilikuwa adha kubwa. Tatizo letu huku liko kwenye akaunti yenyewe. Mara nyingi mchimbaji hakuifungua kwa mkono wake. Alifunguliwa na kijana wa steshenari, kwa barua pepe aliyoibuni kijana huyo, pengine na namba ya simu ya kijana huyo, na neno la siri analolijua yeye peke yake. Steshenari ikihama au kufungwa, taarifa ya ada ya mwaka haimfikii mhusika. Hati ya makosa, yaani onyo la kumtaka arekebishe kasoro kabla leseni haijafutwa, nayo haimfikii. Muda wa kurekebisha unapita, leseni inafutwa, eneo linaonekana liko wazi kwenye ramani, na mwombaji aliye mbali analiomba kwa nia njema kabisa. Anapofika na karatasi yake, anakuta watu wanaochimba hapo kwa miaka, nao wanamwona mvamizi. Ugomvi wa namna hiyo huanzia kwa mwenyekiti wa kijiji na kuishia polisi.

Wachimbaji nao wana sehemu yao, na huwa nawaambia waziwazi. Watu wanauziana leseni kwa karatasi ya daftari mbele ya mashahidi wawili, wanapeana mikono, hawafiki ofisini kusajili uhamisho. Mnunuzi analipa ada kila mwaka kwa jina la muuzaji, hadi siku muuzaji anapokufa na watoto wake wanakuja kudai eneo la baba. Vikundi ni vivyo hivyo: waasisi wametawanyika, wapya wameingia, na orodha ya wabia ni ileile ya siku ya kwanza.

Kwa kampuni, nchi yetu imeshaamua kwamba kujua mmiliki halisi ni jambo la lazima. Ipo sheria ya uwazi na uwajibikaji katika tasnia ya uziduaji (madini, mafuta na gesi) ya mwaka 2015, na mwaka 2020 sheria ya kampuni ikarekebishwa ili wamiliki wanufaika wafahamike. Tangu soko la madini la Geita lifunguliwe Machi 2019, serikali inaweza kufuatilia gramu zilizouzwa na mrabaha uliokatwa. Basi ijue pia kama mwenye leseni zilikotoka gramu hizo bado yu hai.

Ombi langu kubwa ni moja. Familia ikileta taarifa ya kifo kwa Afisa Madini Mkazi, leseni iwekewe alama na muda unaohesabiwa katika hati ya makosa usimame mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Kupata barua ya usimamizi huchukua muda hata pale ambapo hakuna pingamizi, na ukoo ukivutana unaweza kupita mwaka. Haifai leseni ife katikati ya msiba wakati familia iko mahakamani ikifuata utaratibu ambao sheria yenyewe imeuweka. Ada iendelee kudaiwa, hilo sipingi. Ninachoomba ni eneo lisitangazwe wazi.

Ili ombi hilo litekelezeke, kila anayelipa ada ya mwaka athibitishe kwanza simu yake, wabia wake, na ndugu wawili wa kutafutwa akikosekana. Mfumo wenu uzungumze na wa RITA, ambako vifo husajiliwa, na wa NIDA, ya vitambulisho vya taifa. Hati ya makosa ibandikwe pia kwenye ofisi ya kijiji na ipelekwe kwa chama cha wachimbaji cha mkoa, maana huku habari ya ukutani hufika haraka kuliko barua pepe. Na kila ofisi ya madini mkoani iwe na karatasi moja ya Kiswahili chepesi inayoeleza msimamizi wa mirathi alete nini, alipe nini, na ajibiwe lini. Sisi wasaidizi wa kisheria tutaisambaza mpaka mialoni, kule mawe yanakooshwa dhahabu.

Kuna familia zilizo katikati ya mirathi hivi sasa, na leseni zao zinakaribia kwisha muda. Kwa hao naomba maelekezo yatolewe kwa Maafisa Madini Wakazi mapema, hata kabla mfumo haujabadilishwa, wapokee cheti cha kifo na kukiingiza kwenye jalada la leseni siku hiyohiyo kinapoletwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Msaidizi wa kisheria, Geita