Anza na tairi, rimu ifuate: kuchagua saizi ya gari ya spoti kwa barabara za Nairobi

Wiki haiishi kabla mtu hajaingia hapa karakana yetu Industrial Area na simu mkononi, anatuonyesha picha ya gari imeshushwa, rimu zimejaa fenda vizuri, anasema "fundi, nataka hizi za 18, ni pesa ngapi?" Sisi hatuanzi na bei. Tunauliza gari ni gani, imeshushwa ama bado, na unaishi wapi. Hilo swali la mwisho linawashangaza wengi, lakini mtu anayepanda Expressway kule Mlolongo na kushukia Westlands kila asubuhi, na mwingine anayeingia kwake na barabara ya mawe huko ndani ya Ruai, hatuwezi kuwauzia tairi moja hata kama gari zao zilishuka meli moja pale Mombasa.

Kwa hivyo leo acha niandike vile tunavyofikiria, ndio mtu akija awe ameshajua nusu ya stori. Msimamo wetu ni huu: anza na tairi, alafu rimu ifuate. Watu wengi wanafanya kinyume, wananunua rimu juu ya sura, wanakuja kutafuta tairi yoyote ya kuingia hapo, na hapo ndipo pesa inapotea mara mbili.

Kuna kijana alikuja na Subaru Impreza WRX, gari safi sana, imetunzwa. Rimu zake za fakitori zilikuwa 17 kwa 7 (inchi za kipenyo kwa inchi za upana), ofuseti 55, tairi 215/45R17. Alikuwa ameuziwa mahali rimu za 18 kwa 8.5, ofuseti 35, akaambiwa zinaingia, na kweli ziliingia, nati zilifungwa, gari ikatoka pale. Shida ilianza jioni alipobeba marafiki wawili kiti cha nyuma. Kila tuta, krrr. Mpaka anakuja kwetu tairi za nyuma zilikuwa zimeshakatwa na ukingo wa fenda, na kuna mtu alikuwa tayari amemwambia dawa ni kupiga fenda na nyundo.

Tukakaa chini na yeye tukapiga hesabu kwa karatasi, na hii hesabu ningependa kila mwenye gari ya spoti aijue kwa sababu haihitaji mashine yoyote. Ofuseti ni umbali, kwa milimita, kati ya katikati ya upana wa rimu na ile sura ya rimu inayogusa habu, yaani kile kitovu rimu inafungwa juu yake. Namba ikiwa kubwa rimu inaingia ndani ya gari, ikiwa ndogo inatoka nje. Sasa yake iliongezeka upana inchi 1.5, hiyo ni karibu milimita 38, nusu inaenda ndani na nusu nje, 19 kila upande. Alafu ofuseti ikashuka kutoka 55 hadi 35, hizo 20 zote zinaenda nje. Jumla, rimu imesogea nje milimita 39. Karibu sentimita 4! Na upande wa ndani, ambako kulikuwa na nafasi, haikutumia hata kidogo, ilirudi nyuma milimita 1.

Kwa hivyo si ati inchi 18 ni mbaya kwa hiyo gari. Namba ya ofuseti ndiyo ilikuwa mbaya. Tulimtafutia 18 kwa 8 ofuseti 48, ukipiga hesabu ile ile utaona inatoka nje karibu 20 na kuingia ndani karibu 6, tukapima nafasi ya shoki tukiwa tumegeuza stiaringi mpaka mwisho huku na huku, ikakaa sawa bila nyundo. Fenda yake iko vile ilitoka fakitori mpaka leo, na hiyo inanifurahisha kuliko mauzo yenyewe, juu fenda ikipigwa rangi inapasuka, maji yanaingia, baada ya misimu miwili ya mvua ni kutu.

Na kutoka nje sana hakuharibu fenda peke yake. Beringi ya gurudumu imeundwa kubeba uzito mahali fulani, ukisogeza gurudumu nje unaongeza mzigo kwa beringi, na stiaringi inaanza kuvutwa ukigusa shimo au ukipiga breki upande mmoja ukiwa na maji. Mtu anadhani ni alainmenti, anapiga alainmenti mara tatu, na shida iko kwa ofuseti.

Sasa tairi. Zile namba 215/45R17 zinasomeka hivi: 215 ni upana wa tairi kwa milimita, 45 ni urefu wa ubavu kama asilimia ya huo upana, 17 ni inchi za rimu. Kwa hivyo ubavu ni asilimia 45 ya 215, karibu milimita 97, na gurudumu lote kutoka chini hadi juu ni kama milimita 625. Ukibadilisha saizi unataka kubaki karibu na hiyo 625, sisi hatupendi kupita asilimia 2 juu au chini. 215/40R18 inafika 629, hiyo ni sawa kabisa. 225/40R18 inafika 637, bado iko ndani. Lakini kuna mtu alikuja na 225/45R18 alizopata za mtumba bei poa, anaona tofauti ni namba moja tu, 40 na 45, kwani shida iko wapi. Shida ni kwamba hiyo inafika karibu 660, imepita kwa zaidi ya asilimia 5. Gari inapanda, inakwaruza kwa mbele ukikata kona, gia zinakuwa nzito kama umepunguza nguvu ya injini, na spidomita inakuonyesha namba ya chini kuliko ile ingekuonyesha zamani kwa mwendo huo huo.

Na tukiongea nguvu ya injini, Nairobi iko juu ya bahari karibu mita 1,700, hewa ni nyepesi, gari isiyo na turbo kama Toyota 86 imeshapoteza nguvu kabla hujatoka kwa geti. Ukiiwekea rimu nzito za inchi 19 unaiongezea mzigo mahali pabaya zaidi, pale kwa ncha ya gurudumu ambako kila kilo inazungushwa na kusimamishwa. Watu wanatumia pesa kwa egzosi na filta kutafuta nguvu kidogo, alafu wanaipoteza yote kwa rimu. Rimu nyepesi ya 17 inafanya hiyo gari ifurahie barabara kuliko 19 nzito yoyote, na mimi nitasema hivyo hata kama 19 ndiyo ina faida kubwa dukani.

Mashimo ndiyo yananifanya nisisitize ubavu. Ule mpira kati ya rimu na barabara ndio mto wa rimu. 215/45R17 inakupa milimita 97. 225/40R18 inakupa 90. 225/35R19 inakupa kama 79. Tofauti ya 97 na 79 inaonekana ndogo kwa karatasi, lakini ingia shimo lenye kingo kali usiku, mvua imenyesha, limejaa maji hulioni, hizo milimita 18 ndizo zinaamua kama utaendelea na safari au utasimama kando ukisubiri mtu wa panjaa. Rimu ikigonga, tairi inabanwa katikati, nyuzi za ndani zinakatika, na kesho yake unaona nundu kwa ubavu. Tairi ikiwa na nundu hakuna kiraka, hakuna kuombea, inatoka. Tunakataa kuifunga tena hata mteja akisema ni ya wiki moja tu. Tukimaliza mvua ndefu, Mei hivi, hapa tunanyoosha rimu zilizopinda mpaka tunachoka, na nyingi ni za 19 na 18 zenye tairi nyembamba zilizokuwa na presha ndogo. Presha pima asubuhi tairi ikiwa baridi, na fuata ile stika ya mlangoni kama saizi ni ya fakitori. Ukibadilisha saizi, tuulize tukupe presha inayolingana na uzito tairi inabeba.

Kwa hivyo ukiniuliza kwa gari ya spoti ya kila siku hapa Nairobi, panda inchi moja tu kutoka saizi ya fakitori, au baki pale pale na uongeze upana kidogo. 225/45R17 kwa rimu ya 17 kwa 7.5 ni kitu kizuri sana kwa WRX. Kwa STI, ile Impreza kali zaidi, yenye breki za Brembo usifikirie kushuka 16, kalipa (kile kibano cha breki) haitaingia.

Wenye Subaru na gari zingine zinazosukuma magurudumu yote manne, hii sehemu isomeni mara mbili. Tairi zote nne ziwe saizi moja, aina moja, na zimelika karibu sawa. Ukiweka mbili mpya mbele na mbili za zamani nyuma, mzingo unatofautiana, magurudumu yanazunguka kwa kasi tofauti hata gari ikienda moja kwa moja, na senta difu, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, inafanya kazi bila kupumzika mpaka inapata joto na kufa. Bei ya tairi mbili ulizookoa haiwezi kununua hiyo difu. Tafadhali, kama pesa haitoshi zote nne leo, ngoja mwisho wa mwezi.

Mashimo ya nati nayo. Impreza na Forester nyingi za zamani ni 5x100, yaani nati tano kwenye duara la kipenyo cha milimita 100, STI kuanzia muundo wa 2005 ni 5x114.3, na hizo mbili haziingiliani. Hatari zaidi ni zile zinazokaribiana: Golf kuanzia Mk5 ni 5x112, na rimu ya 5x114.3 unaweza kuilazimisha kwa sababu tofauti ni milimita 2.3 tu, boliti zinashika, lakini zimeshika kwa pembeni na zitalegea. Hiyo hatufungi. Tundu la katikati pia lina maana, Subaru ni 56.1, Toyota nyingi za nati tano za 114.3 ni 60.1, rimu nyingi za dukani zina tundu kubwa ili ziingie gari nyingi, kwa hivyo inatakiwa ringi ya habu kujaza hiyo nafasi. Kama gari inatetemeka ukifika 90 na balansi imepigwa vizuri, mara nyingi ni hiyo ringi haipo. Ni kitu kidogo, usiikatae.

Kuhusu spesa, zile sahani za kusogeza rimu nje, nitasema ukweli wetu. Miaka ya kwanza tulikuwa tunaweka zile nyembamba zinazoteleza juu ya stadi (zile boliti za habu zinazoshika nati) bila kubadilisha stadi ziwe ndefu, kwa sababu kila mtu alikuwa anafanya hivyo. Mteja mmoja stadi mbili zilikatika akiwa Thika Road. Alikuwa amepunguza mwendo, akafika kando salama, lakini nilienda kumchukua mwenyewe na nilipoona ile habu sikulala. Tangu siku hiyo ni stadi ndefu au hakuna spesa, na kwanza tunakuuliza kwa nini usinunue ofuseti sahihi tangu mwanzo.

Rimu za mtumba kutoka Japani tunazipenda, angalia mgongoni kama kuna JWL, alama ya kiwango cha Japani cha rimu, na zungusha kwa mashine kabla ya kulipa, zilizochomelewa tunaziacha. Tairi za mtumba zinazokuja na gari usizitegemee sana, zingine ni za theluji, mpira wake ni laini, meno yamejaa mikato midogo midogo, zinaonekana nene na mpya lakini kwa lami yetu ya moto zinaisha haraka na kwa kona ya kasi zinayumba. Ujue umri wa tairi, soma zile tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT kwa ubavu: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Ukitaka tukusaidie kabla hujalipa mtu yeyote, hata kama hununui kwetu, tutumie picha tatu: stika ya mlangoni, namba zilizoandikwa nyuma ya rimu uliyonayo, na gari ikiwa imesimama mahali sawa ukipiga kutoka juu ya fenda kushuka chini. Tutakupigia hesabu bure. Na ukifunga rimu mpya, kwetu au kwingine, rudi baada ya kilomita kama 100 nati zikazwe tena kwa spana ya kipimo, inachukua dakika tano na hatulipishi.