Mwende, usikremu KICC

Mwende wangu,

Sasa? Najua umekasirika. Meseji tatu za kuniomba ile karatasi ya mada za mtihani ukremu sijajibu, na ile ya mwisho umeandika tu "ok", na venye nakujua hiyo ok yako huwa si ok. Nilikuwa naiti wiki nzima, halafu nikaona hii stori haitoshei kwa simu, wacha nikuandikie barua kama zile za form two, shida ni hakuna karatasi ya maua na pafyumu ya kunyunyizia.

Matokeo yangu ya IELTS, ule mtihani wa Kizungu, yalitoka. Kuongea nimepata 7, ile ile wanayotaka Uingereza, hata nusu ya ziada hakuna. Kusoma na kusikiliza zilikuwa sawa, kuandika 6.5, na si unajua hapo ndio walilegeza kidogo kwa wauguzi, zingine zote ni 7. So nimepita, lakini nimepita kama paka kwa mlango unaofungwa.

Unakumbuka 2021 vile waziri alisema kati ya wauguzi 300 waliofanya ule mtihani ni 10 tu walipita? Watu walitucheka hadi kwa matatu, eti hata Kizungu hatujui. Mimi sikucheka juu nilijua kabisa ningekuwa kwa wale 290. Sisi Kizungu tunaongea kutwa lakini ni Kizungu cha ripoti, presha iko hivi, dripu inaisha saa ngapi, kitanda namba sita anapelekwa eksirei. Nani amewahi kukuuliza kwa wodi uongee dakika mbili mfululizo bila kukatizwa? Hata daktari mwenyewe haongei dakika mbili.

Sasa hiyo ya kuongea iko hivi. Mnakaa wawili, wewe na mtahini, na kuna kitu inarekodi. Yote ni kama dakika 11 hadi 14. Kwanza anakuuliza vitu vya kawaida, unakaa wapi, unapenda chakula gani, hapo utateleza tu. Halafu anakupatia kadi. Una dakika moja ya kufikiria na penseli na karatasi, kisha unaongea wewe peke yako dakika moja hadi mbili. Mwisho mnajadiliana mambo makubwa makubwa yanayotoka kwa hiyo hiyo kadi.

Kadi yangu ilisema nieleze kuhusu jengo refu kwa mji wako, unalolipenda au usilolipenda, liko wapi, linakaa aje, linatumika kwa nini, na useme sababu.

Aki Mwende nilitaka kucheka kwa furaha. Juu nilikuwa nimelikremu! Kuna karatasi tulikuwa tunapitishiana kwa WhatsApp na hiyo mada ilikuwa ndani, na mimi nikakaa chini nikatengeneza KICC yangu kamili, lile jengo la mikutano hapa Nairobi. Ghorofa 28, mita 105, ilimalizwa 1973, ikachorwa na David Mutiso wetu na yule Mnorwei Karl Henrik Nøstvik, mwaka huo huo ikapokea mkutano wa Benki ya Dunia na IMF, na kwa miaka mingi ikawa ndefu kuliko zote hapa. Nilikuwa nazisema nikioga, nazisema kwa steji, mtoto wa jirani alikuwa anajua ukisema Nøstvik mimi najibu Mutiso.

Nikaanza. Na sentensi ya kwanza kabisa, hata sijameza mate, nikasema KICC ni "a very long building". Long! Nikajisikia nikisema. Si unaona sisi urefu wetu ni mmoja tu, barabara ndefu, mtu mrefu, jengo refu, kumbe wenzetu wamegawanya, ya kulala chini ni "long" na ya kusimama ni "tall". Nikarudi nikarekebisha, na hapo sasa ile kanda niliyokuwa nimerekodi kwa kichwa ikakatika. Nikatoa ghorofa 28, nikatoa mita, nikatoa 1973, nikataja wazee wote wawili, nikamaliza. Nikaangalia mtahini. Yeye ananiangalia tu vizuri, amekunja mikono. Nadhani hata sekunde 40 hazikuwa zimeisha. Ikanyamaza hadi nikasikia feni.

Shida ni kwamba KICC mimi nimeenda mara moja tu, trip ya darasa la saba, na kitu nakumbuka ni kutapika kwa basi tukirudi. Sasa nitaongea nini kuhusu KICC?

Nikasema, kwa Kizungu changu hicho, lakini kusema ukweli jengo mimi naliangalia kila siku ni lingine, lile la Britam pale Upper Hill. Na nikaanza kupiga stori ya mzee Fundi.

Sijui kama nilikuwa nimekwambia hii. 2016 nikiwa bado mgeni kwa wodi ya mifupa, tulikuwa na mzee aliyeanguka kwa mjengo fulani huko Eastlands, flati ya kawaida, alikuwa ghorofa ya tatu na ubao aliosimamia ukateleza. Nyonga na mguu. Alilala pale wiki nyingi sana na tajiri wake hakuja hata siku moja, lakini hiyo ni stori ya siku nyingine. Kitanda chake kilikuwa dirishani na kutoka hapo ulikuwa unaona Britam inapanda. Usiku hapati usingizi, basi nikipita na tochi ananiita, sista, sista kuja uone, wamemwaga slabu ingine leo. Alikuwa anahesabu kwa taa. Ile kreni ilikuwa na taa nyekundu juu na yeye alikuwa ameweka alama kwa fremu ya dirisha na kalamu yangu ya ripoti, kila taa ikipanda anachora mstari mwingine. Mi namuuliza sasa kreni yenyewe hupanda aje na ndio inabeba kila kitu, nani anaibeba yeye? Akacheka vile watu wa mjengo huwacheka watu wa ofisi. Akaniambia sista, hiyo hujibeba. Wanaisukuma kichwa juu na jeki, panabaki nafasi hapo chini ya kichwa, inaokota kipande yake yenyewe inakiingiza, wanakaza bolti, imerefuka. Akanionyesha na sindano za plastiki moja juu ya ingine hadi sista wa zamu akatugombeza sote wawili.

Hii ndio nilimwambia mtahini. Nusu ya maneno sikuwa nayo. Kreni nilikuwa nayo, jeki nilikuwa nayo, lakini zile nguzo na mbao wanazosimamia mafundi zilinipotea kabisa, nikasema tu zile fito zinazowashika wafanyakazi wasianguke, nikaendelea mbele. Kumbe hiyo ndio wanataka, ukikosa neno unazunguka unapita upande ule mwingine, kukwama ndio kubaya. Mikono ilikuwa inapanda hewani nikionyesha vile kichwa cha kreni kinasukumwa. Nikasema sasa hilo jengo liko mita 200, mzee aliondoka na magongo kabla halijamalizwa 2017, na mimi hadi leo sijawahi kuingia ndani, sijui hata rangi ya lifti yao, lakini nikilipita nahesabu. Hapo sasa akanikata. "Thank you." Katikati ya sentensi!

Nikajua nimeisha. Nimetoka kwa jengo moja nikaingia lingine, nimeleta mgonjwa, nimekatwa. Nani alikuwa aniambie kwamba dakika mbili zikiisha lazima wakukate, hata uwe unaongea kama malkia?

Ile ya mwisho haikunisumbua. Akauliza kwa nini miji inajenga kwenda juu, nikasema ploti ni ghali na watu ni wengi, hiyo kila mtu husema. Halafu akauliza kama watu hufurahia kuishi juu sana, na Mwende, hapo mtahini alikanyaga kwetu. Nikamwambia inategemea kama kuna lifti na kama kuna maji. Nikamweleza mtaa wa Pipeline, flati ghorofa nane zimebanana hadi ukinyoosha mkono kwa balkoni unasalimia jirani wa ploti ile ingine, ngazi tupu, na maji yakipotea mtungi wa lita 20 unapanda nao kwa bega hadi juu, na mwenye nyumba ghorofa ya saba anapunguza kodi juu anajua miguu yako ndio inalipa. Nikamwambia Upper Hill urefu ni wa kujionyesha, Pipeline urefu ni wa kubana watu. Huyo mama aliinua kichwa. Sijui kama ni Kizungu changu au ni yeye pia aliwahi kubeba mtungi.

So hizo meseji zako eti nikutumie ile karatasi yote uanze kukremu majibu. Situmi. Si kunyima. Wanaweka alama kwa vitu vinne, vile unatiririka, maneno yako, gramar, na kutamka, zote uzito sawa, na hakuna mahali wanaandika kama umetaja ghorofa ngapi. Mi nikisema KICC ina 40 hakuna mtu anapanda kuhesabu. Na lafudhi usijali, ya kwetu wanaielewa, bora usimeze maneno. Fanya hivi, chukua simu, weka saa ya dakika mbili, uongee kuhusu lile jengo la pale karibu na steji ya Machakos ambalo ulingojea Kyalo masaa matatu chini yake na mvua ikinyesha. Hilo unajua hadi harufu yake. Unitumie sauti, nitakugombeza vizuri.

Ukikuja kufanya, beba pasipoti ile ile uliyojiandikishia, na usibebe kitu kingine cha maana juu simu, begi, zote unaacha nje. Utalala kwangu. Nitakuwa naiti hiyo Ijumaa so ufunguo utaupata kwa mama mboga wa geti, mwambie wewe ndio Mwende wa Machakos, anakujua kwa stori. Nyumba ni ile ya bluu, ghorofa ya sita, lifti hakuna, kwa hivyo hayo maembe unayosema unaniletea yawe tu kiasi unachoweza kubeba.

Wako,
Shiku